Kadi Iliyoliwa na Karafuu

Wenzangu wa makumbi, tangu nirudi sipati kushika gongo langu la kupigia makumbi ya nazi kwa raha. Mwanisogelea mmoja mmoja: Bi Riziki, imekuwaje? Jicho la Mize je? Huyu nimempa mwanzo, yule nimempa mwisho, na katikati mmejitilia wenyewe. Juzi nimesikia kisimani kuwa niliibiwa mjini Chake. Sikuibiwa. Mwizi ungemjua sura ukamwapiza. Basi nimekaa nimeandika. Skuli sikukaa sana, mwajua, lakini uchungu hauna haja ya skuli. Anayejua kusoma awasomee wenzake, na asiruke mahali.

Sababu ya safari mwaijua, lakini wako waliokuwa hawapo. Mize ndiye mdogo wangu, aliyenifuata ziwa la mama. Mie niliolewa huku Kisiwa Panza, yeye akaolewa Makangale. Mmoja kusini kabisa, mmoja kaskazini kabisa, kana kwamba waliotuoza walipima kamba. Macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho. La kushoto lilikwisha kufunga zamani, la kulia likawa laona kivuli tu. Ikaja habari kuwa madaktari wa macho wamevuka, wapo hospitali ya Wete, na mwisho wao Jumatano. Kupasuliwa bure, ila kile kioo kidogo kinachotiwa ndani ya jicho, na matone yake, mtu ajinunulie.

Mize hana mtoto, na mumewe yuko kaburini. Ana mie. Nikampigia kwa simu ya jirani yake, Bi Kaije, nikamwambia kioo ni juu yangu, na nitakuwapo.

"Bila ya nkono wako mie siingii, dada," akanambia.

"Nkono utaupata," nikamwambia.

Neno hilo nililisema mie, kwa mdomo wangu, na Bi Kaije alisikia.

Kisiwa Panza: kungoja maji

Nilitoka Jumanne baada ya alfajiri. Nimevaa buibui la Iddi, kikapu mkononi, ndani yake mikate ya chila ya kumpelekea Mize na samaki changu wawili wa kukaanga. Pwani nakuta maji yamekupwa, boti imelala ubavu mchangani kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Nahodha akasema tukae. Tukakaa. Nikaitoa kadi ya benki niitazame, maana pesa za kioo zilikuwa huko. Siku hizi karafuu hulipwi mkononi. Unapima, unaambiwa pesa zimeingia benki, unakwenda kuzitafuta kwa kadi.

Hapa niiseme hiyo kadi, kwa sababu wako wanaonicheka bila ya kujua. Ile ilikuwa ya tatu. Ya kwanza niliifunga pindoni mwa kanga, kama tunavyofunga kila kitu. Jasho, maji ya chumvi, matope ya makumbi, na kile kidhahabu chake cha usoni kikabanduka kama gamba la samaki. Ya pili nikailaza chini ya godoro, ikapasuka katikati, na mie si mnene kiasi hicho. Kila ikifa nakwenda Chake, naambiwa nisubiri, nakatwa pesa ya kadi mpya, kana kwamba mie ndiye niliyeiunda mbovu. Ya tatu ilipokuja nikasema hii nitaiweka kama kitu cha thamani.

Na sie Pemba kitu cha thamani twakiweka vipi? Nguo nzuri, msahafu wa marehemu, sanda ya mtu aliyejiandalia mapema, vyote vyalala na karafuu. Basi nikaitia kadi ndani ya bweta langu la bati, karafuu kavu chini, karafuu kavu juu, na pembeni kichupa cha mafuta ya karafuu ninayochulia magoti. Kumbe kizibo hakikukaza.

Pale pwani, jua lilipotoka, ndipo nilipoiona sawasawa. Imekunjamana kama kidole kilicholowekwa maji. Jina langu limeondoka, na karafuu zimezama usoni mwake, zimeganda humo. Nikazikwangua kwa ukucha, nikaifuta kwa buibui. Abiria wenzangu wakaanza udaktari. Mmoja alitaka tuipulizie pumzi ya moto. Mwengine alisema dawa ya meno, isuguliwe mpaka ing'are. Mama mmoja aliinusa, akasema isipotoa pesa niifunge shingoni, mume atanipenda upya. Tulicheka sote. Siku hiyo nilikuwa bado nina kicheko.

Maji yalijaa tukavuka.

Mtambile

Mtambile ndipo tulipozaliwa mie na Mize, na mikarafuu ya mama yetu ipo huko mpaka leo. Nilishuka kwa Bwana Hamad, mwenye duka la wakala wa benki. Ni mtu mzima, ndevu zimeshaingia mvi, na mama yake tulichuma naye. Nikamwamkia, nikampa kadi, nikakaa juu ya gunia la mchele kungoja pesa.

Akaichomeka. Kimya. Akaifuta kwa shati, akaichomeka tena. Akaivisha karatasi ya nailoni. Halafu akaishika kwa vidole viwili, akanitazama.

"Bi Riziki, hii umeipika?"

"Sikuipika. Nimeihifadhi."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya karafuu."

Wanaume waliokuwa barazani, waliokuwa wakijifanya hawasikii, wakaangua kicheko. Mmoja akasema ingekuwa pilau ingeshaiva. Bwana Hamad mwenyewe alijizuia. Akanambia kwa upole kuwa mafuta ya karafuu hula plastiki. Ukiyatia kwenye kikombe cha plastiki asubuhi, jioni huna kikombe.

Nikawauliza wote pale, aliyeileta kadi hii Pemba, hakuambiwa Pemba kuna nini? Hukai nyumba yoyote humu usikute karafuu chini ya mto, mkekani, ndani ya mifuko ya kanzu. Ukimpelekea mvuvi chombo kisichotaka maji, mbovu ni nani, mvuvi au chombo? Kicheko kilikwisha.

Bwana Hamad akaniuliza kama naweza kuzitoa pesa kwa simu. Laini yangu imeandikishwa kwa jina la mkwe wangu, naye yuko dago, kambi ya wavuvi, huko Mafia anavua. Akatikisa kichwa. Akanambia niwahi Chake kabla hawajafunga dirisha. Nauli alinipa yeye, nikaipokea, kwa sababu mama yake na mie tulikula sinia moja.

Chake, Jumanne

Nje ya benki kuna ile mashine ya ukutani. Nikamwomba askari wa mlangoni anichomekee. Mara ya kwanza ikaitema. Mara ya pili ikaitema. Mara ya tatu ikaimeza nusu ikakwama, nusu ndani nusu nje, kama ulimi wa mtu anayekukejeli. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Askari akaivuta kwa koleo ya fundi baiskeli wa upande wa pili. Ikatoka imepinda.

Ndani nikakaa foleni. Nikala chila moja ya Mize, nikasema atanisamehe. Nilipofika dirishani nikamkuta binti mpole, ushungi wake umebanwa vizuri, akaniamkia kwa heshima. Akasema kadi basi, imekufa, lakini nisiwe na wasiwasi, kidole changu kinatosha. Nikafurahi. Kidole sikukisahau nyumbani.

Nikaweka kidole gumba. Mashine ikawaka taa nyekundu. Akanipa kitambaa nifute. Nyekundu. Akaniletea sabuni nikanawe. Nyekundu. Tukaanza cha pili, cha tatu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mpaka nikaona haya, kama mtoto anayekaguliwa kucha.

Akanigeuza kiganja, akakitazama karibu. "Bibi, mbona huna alama?"

Nyinyi wenzangu tazameni vya kwenu sasa hivi, mliposhika karatasi hii. Miaka yote tunayafukua makumbi matopeni, tunayapiga, tunasokota usumba wake kuwa kamba juu ya paja kwa vidole hivi. Kamba zilizofunga nusu ya mashua za kisiwa chetu zimepita hapa. Nilimwambia alama zangu ziko kwenye hizo kamba, akazitafute huko.

"Mfumo haukutambui, bibi," akanambia.

"Na weye?"

"Mie nakutambua. Umekuja mwaka jana kwa kadi nyengine, na ulinipa ndizi." Akashusha sauti. "Lakini si mie nitoaye pesa."

Akasema mkubwa wao ndiye anayeweza kuruhusu, na mkubwa yuko Mkoani, kesho atakuwapo. Nikalala kwa jamaa zangu Chake. Walinipa muhogo wa nazi na pweza, chakula kizuri, nikakibakisha.

Chake, Jumatano

Asubuhi nilikuwa mlangoni kabla ya askari. Mkubwa hakuja. Ikasemwa yuko njiani. Njia ya Mkoani na Chake naijua, hata kobe angeshafika.

Kwenye benchi nilikaa na mama mmoja, Bi Zuwena, muuza halua wa Wete. Mweupe, pua imesimama, maneno yake laini. Alikuja kwa jambo kama langu. Kadi yake imefutika, mashine haiioni. Akanikatia halua. Nikala. Halua si deni. Tukaulizana makwetu, na alipomtaja babu yake nikamjua ni nani.

Babu yake ndiye aliyekuwa na mashamba upande wa kwetu. Mama yangu alichuma karafuu zake mpaka vidole vikafa ganzi, na kila jioni pishi ya kupimia pale kwake ilikuwa kubwa kuliko pishi za watu. Mama akijaza, haijai. Akirudi nyumbani hakusema kitu, alikaa akajikanda mikono. Sasa mjukuu wake huyu hapa, shamba hana, buibui lake limefuliwa mara nyingi kuliko langu.

Nilipomweleza habari ya Mize, hakungoja nimalize. Alitia mkono kifuani akatoa fungu la pesa za halua.

"Chukua, Bi Riziki. Wahi Wete. Utazirejesha kwa wakala wa Mtambile, hata mwezi ujao."

Zilikuwa zinatosha. Nasema kweli, zilikuwa zinatosha, na jua lilikuwa bado liko chini.

Nikamwambia ahsante, zangu zipo, zinakuja. Akanisukumia tena. Nikaurudisha mkono wake. Nilimwona mama anajikanda vidole, sikuweza. Yeye hakuudhika. Alizirudisha kifuani, akanikatia kipande chengine cha halua.

Mkubwa aliingia karibu na adhuhuri. Yale maswali yake na kusaini kwake siyaandiki. Binti wa dirishani alisema ananijua, askari akasema ananijua, hata Bi Zuwena aliinuka akasema ananijua. Adhuhuri ilikwisha adhiniwa nilipozifunga pesa pindoni. Mkubwa akanambia kadi mpya itakuja, na safari hii niitunze. Nikamtazama tu. Ningefungua mdomo wangefunga benki.

Kwenda Wete

Gari lilingoja abiria, likajaa, likashusha mmoja, likamngoja mwengine. Njiani likasimama kupakia matenga ya ndizi. Dereva akaingia duka kununua maji, akakutana na rafiki yake. Nilimtukania baba yake ingawa simjui baba yake. Kila kituo nilikuwa nagusa pindo. Pesa zipo. Nagusa tena. Zipo. Nilidhani kuwapo kwa pesa ndiko kufika.

Hospitali

Nilimwona kwanza Bi Kaije, amesimama nje ya wodi, mikono kichwani. Sikumsalimu. Nikapita.

Masanduku yalikuwa yamekwisha fungwa, yamepangwa barazani, na wanaume wanayapandisha garini. Daktari, mama mmoja mtu mzima, akanijia mwenyewe. Hakuwa na ubaya wowote. Akanieleza kuwa jina la ndugu yangu waliliweka mwisho, wakalirudisha tena mwisho, wakamngoja. Kioo cha ziada hawakuwa nacho, vyote vilinunuliwa na wenyewe kwa majina yao, na duka la dawa ambamo nilipaswa kununua chetu liko hatua chache tu kutoka pale. Lakini vyombo vimeshafungwa na wanavuka jioni.

"Pesa hizi hapa," nikamwambia. Nikafungua pindo, nikamwonyesha.

"Naziona, mama," akasema. "Naziona."

Mize alikuwa amekaa benchi la mwisho, mguu juu ya mguu, kanga yake mpya, ile ya arusi ya mtoto wa Bi Kaije. Walikuwa wamekwisha mtayarisha. Juu ya jicho la kulia wamemchora alama ya kalamu, mshale mdogo wa buluu, wasije wakakosea jicho. Nikakaa ubavuni pake. Sikuwahi kumsalimu.

Akanyoosha mkono, akautafuta wangu, akapitisha kidole chake juu ya gumba langu, mara moja.

"Dada," akasema. "Umefika."

Mashine ya Chake ilinikagua vidole vyote kumi.

Makangale

Tulipanda gari sote watatu. Baada ya Konde upepo ulibadilika, ukawa na ubaridi na harufu ya majani mabichi, na Mize akasema tumeingia msitu wa Ngezi. Hakuuliza, alisema. Nikamjibu ndiyo. Hayo ndiyo tuliyozungumza njia nzima.

Nyumbani kwake Bi Kaije alitupikia. Chila zangu zilikuwa zimechacha, tukawapa kuku. Baada ya kula Mize akataka kusimuliwa, na nikamsimulia yote kama nilivyowaandikia. Kwenye gunia la mchele la Bwana Hamad alicheka mpaka akashika mbavu. Akaiomba kadi. Nikampa. Akaigeuza, akapapasa mashimo ya karafuu, akaipeleka puani.

"Yanukia kama sanduku la mama," akasema. Akanusa tena. "Kitu chepesi hivi, dada? Hiki ndicho?"

"Ndicho."

Nikaendelea. Nilipofika kwa Bi Zuwena sikupunguza, nilimwambia na pishi, na vidole vya mama, na fungu la pesa, na mkono wangu ulivyourudisha wake. Mize akashusha mkono. Kadi iko mapajani mwake.

"Ungezichukua," akasema.

"Zile pesa za karafuu za mama?"

"Ungezichukua, Riziki."

Hajapata kuniita jina tupu tangu tulipokuwa watoto. Nikamwambia hakumwona mama akijikanda. Akanambia alimwona, wakati huo alikuwa ana macho.

Nilikaa naye siku kadhaa, nikamchotea maji, nikamfulia, nikamsuka nywele. Alinitendea wema kama siku zote. Ila nilipomletea maji ya kuoga akanambia nisimsugue usoni. Ule mshale wa buluu ubaki, ili madaktari wakirudi wakute jicho limeshachaguliwa, wasipoteze wakati. Akitawadha anayamimina maji tu usoni, hasugui. Akimaliza anaita, "Kaije, mshale bado upo?" Bi Kaije anajibu kutoka jikoni, "Upo."

Panza

Nimerudi kwa njia ile ile, haina la kuandika. Kadi mbovu aliibakisha Mize, ameitia chini ya mto wake. Mpya nimeletewa wiki iliyopita, yang'aa, jina langu limekaa sawasawa. Nimeiweka ndani ya bakuli la udongo, peke yake, haina harufu ya kitu chochote. Mtoto asiiguse.

Madaktari watarudi lini? Hakuna ajuaye. Wengine wasema baada ya Ramadhani, wengine mwakani. Huku nyuma jicho la kulia nalo lafunga.

Jana Bi Kaije alinipigia. Alitoka nje ya nyumba kwanza, nilisikia mlango, halafu akasema kwa sauti ndogo kuwa alama imeondoka zamani, hata doa halipo, na Mize bado anauliza kila swala. Akaniuliza amjibu nini.

Nikamwambia amjibu upo.